Jumamosi Niliyoiachia Mvua

Kwetu Katelembo, huku Machakos, mvua ikinyesha Jumamosi, mipango yote inakufa yenyewe. Hakuna mtu anapiga simu. Kama chama ya akina mama ilikuwa ikutane kwa mama fulani saa nane, huyo mama akiona mawingu meusi anarudisha vikombe kwa kabati, kwa sababu anajua hakuna mtu anakuja. Kama fundi alikuwa akuje kutengeneza mlango, hakuji, na Jumatatu mkikutana haombi msamaha. Anasema tu, "Si uliona ile mvua?" Na wewe unamjibu, "Niliona. Tunashukuru Mungu." Imeisha hapo.

Mtu wa mbali anaweza kusema ni uvivu. Lakini udongo wetu ukishika maji unanata mpaka unakuvua kiatu, na zaidi ya hiyo, mvua kwetu ni mgeni wa mara mbili kwa mwaka, na kuna miaka hakuji kabisa. Akifika unawacha kila kitu unashika jembe. Nimewahi kusimama kanisani na watu wote, mahindi yakiwa yamekauka yamefika tu kwa magoti, tunalilia Mungu atupatie mvua. Sasa mvua aliyoomba mtu kwa machozi, atawezaje kusema imemharibia wikendi?

Hata ngumbaru ilikuwa hivyo. Mimi nilisoma nikiwa mtu mzima, madarasa ya jioni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika kalamu yangu. Jioni ya mvua mwalimu hakuwa anakuja, na sisi wanafunzi hatukuwa tunakuja, na kesho yake hakuna mtu aliulizwa alikuwa wapi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kutembea na mvua: mtu wa kuleta habari ya kifo. Mwaitu, yaani mama yangu, akiona mtu anaingia boma mvua ikinyesha, alikuwa anaweka chini chochote ameshika na kusema, "Ni nani?" Hakuwa anauliza ni nani anakuja. Alikuwa anauliza ni nani amekufa.

Naeleza haya yote kwanza kwa sababu nataka kuandika vile nilikosea mama mmoja mzee, na bila hii huwezi kuelewa ilikuwaje mtu mwenye akili zake na mwenye kuomba kila asubuhi afanye kitu kama hicho.

Nilienda Uingereza nikiwa na miaka arobaini na mbili, kazi ya kutunza wazee. Mume wangu na watoto walibaki. Nilikaa miaka mitatu katika mji mdogo ambao mvua yake haikuwa kama yetu. Yetu inakuja na kelele, inapiga mabati, inachimba mitaro, inaenda. Ya huko ilikuwa inaanza Jumatatu polepole, bila ngurumo, na Ijumaa bado ilikuwa inanyesha, kama mtu anayeongea peke yake.

Wiki ya kwanza, nilipoisikia nje, niliamka na kufanya kile mwanamke yeyote wa Machakos angefanya. Nilitoa ndoo, beseni na sufuria mbili nikazipanga chini ya mtaro wa paa. Kwa nyumba nilikuwa nakaa na mwenzangu wa kazi, mama Mghana. Aliamka kupika uji wake, akatafuta sufuria, akaiona nje imejaa maji.

"Dada," akaniita, "paa inavuja?"

"Hapana. Nakinga maji."

"Ya nini?"

Nikaanza kumwambia ya kufua, ya kuosha vyombo, ya… halafu nikaangalia bomba pale jikoni, la moto na la baridi. Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Kwa mwezi mzima kila mvua ikianza alikuwa ananiita, "Dada, toa ndoo! Baraka imefika!"

Pale kwa nyumba ya wazee nilipewa watu sita wa kuangalia asubuhi. Mmoja alikuwa mama wa miaka themanini na saba. Mwembamba, mgongo umeinama, lakini macho ya kuona kila kitu. Alikuwa mke wa mkulima. Alipojua mimi pia nina shamba, tulikuwa na ya kuongea kila siku nikimchana nywele. Aliniuliza tunapanda nini. Nikamwambia mahindi, maharagwe, mbaazi, kunde. Aliniuliza ng'ombe wangu wanatoa maziwa kiasi gani, nikimwambia alikuwa ananihurumia.

Aliniita msichana wangu. Mimi, mama wa watoto wawili na mmoja wao amenishinda urefu! Lakini nilipenda. Moyoni nilikuwa namwita susu, vile sisi huita nyanya zetu, na siku moja iliponitoka mdomoni aliniuliza ni nini. Nikamwambia. Akasema, "Sina wajukuu. Endelea."

Alikuwa na dada mmoja, mdogo wake, katika nyumba nyingine ya wazee mji wa pili, dakika arobaini na basi. Huyo dada alikuwa ameanza kusahau watu. Walikuwa wakiongea kwa simu kila Jumapili, mpaka Jumapili moja dada aliuliza, "Wewe ni nani, na nani alikupa hii namba?" Baada ya hapo susu hakupiga tena. Alisema sauti peke yake haitoshi, ni lazima dada aone uso wake. Lakini hakuwa na mtoto wala gari, na wafanyakazi wa zamu hawangeweza kutoka.

Ijumaa moja nikamwambia, "Kesho niko ofu. Nitakupeleka mimi."

Aliniangalia kwa kioo. "Siku yako ya kupumzika?"

"Nitapumzika kwa basi."

Nikaongea na msimamizi, akaandika ruhusa. Tukapanga nitakuja saa nne kasorobo, tushike basi ya saa nne. Nikamtolea koti la bluu na kofia, nikaweka kwa kiti. Nilipokuwa naaga aliniambia, "Kila wiki ananisahau kidogo, unaona. Nafikiri wiki hii bado niko."

Jumamosi niliamka, nikafungua pazia. Mvua. Ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya siku zote, maji yanateremka barabarani. Na hapa ndipo naona aibu kuandika, kwa sababu sikusahau. Ningesahau ingekuwa afadhali. Nilimkumbuka vizuri kabisa, na nikasema moyoni, kwa amani yote, "Haya, safari imekufa. Tutapanga nyingine." Hata nilimshukuru Mungu kwa hiyo mvua, kama kawaida yangu. Nikarudi kwa blanketi. Nikapika ugali na kuku, nikapigia watoto simu, nikasoma Neno, nikalala tena mchana. Ilikuwa Jumamosi tamu. Hakuna dakika moja niliwaza kupiga simu kule kazini. Simu ya kusema nini? Si mvua anaiona?

Jumapili ilikuwa kanisa. Jumatatu nikaingia kazini, yule mwenzangu Mghana alikuwa anamaliza zamu. Alikuwa amefanya wikendi yote, hatukuwa tumeonana. Hakunicheka. Aliniuliza, "Dada, ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Mama yako alikaa pale mlangoni tangu saa tatu Jumamosi. Na koti. Na kofia. Mkoba kwa magoti. Tulimletea chakula cha mchana akasema atakula akirudi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka chai ya saa kumi. Nilimwambia, labda ni kwa sababu ya mvua. Akaniangalia akasema, 'Mvua gani?'"

Nilienda chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani, nywele hazijachanwa. Nikachukua chanuo vile nilizoea. Akanyoosha mkono.

"Leo nitachana mwenyewe."

Mkono wake haukuwa unafika nyuma ya kichwa. Nilisimama pale nikimwangalia akijaribu, na sikuthubutu kumsaidia. Nikapiga magoti chini kando ya kitanda, kwa sababu sikujua kuomba msamaha nikiwa nimesimama juu ya mtu mzee, na nikamweleza yote. Mabati, udongo, chama, mwalimu wa ngumbaru, fundi wa mlango. Nilimwambia kwetu mvua ikinyesha hakuna mtu anangoja mtu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Basi huko kwenu mnafika mahali lini?"

"Mvua ikiisha."

"Hapa haiishi, msichana wangu."

Sikujua kama ni hasira au ni mzaha. Lakini alikuwa amesema msichana wangu, nikashika hapo.

"Niliolewa siku ya mvua," akaendelea. "Nilizika mume wangu siku ya mvua. Tungengojea jua, bado angekuwa sebuleni." Akaweka chanuo chini. "Sikukasirika kwa sababu ya safari. Nilikasirika kwa sababu mpaka saa nane nilikuwa nikiwaambia hawa watu kwamba wewe lazima utakuja. Niliwaambia hamumjui, huyo ni mtu wa kanisa."

Nimeishi na maneno mengi makali. Mama mkwe wangu alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu. Lakini hakuna neno limewahi kunipata kama hilo. Kwa sababu mimi ndio nilikuwa nimewaambia hao watu mimi ni wa kanisa. Nilikuwa nawaambia kila siku.

Ofu yangu nyingine ya Jumamosi ilikuwa baada ya wiki mbili, nikamwahidi tutaenda siku hiyo. Nilijaribu kubadilishana zamu, haikuwezekana. Kwa hizo wiki mbili susu aliniruhusu kumchana, lakini ya shamba hakuniuliza. Jumatano ya pili kulikuja habari kutoka ile nyumba ya dada: ameanza kuogopa wafanyakazi, anadhani ni watu wameingia kumwibia, na siku zingine haongei kabisa. Susu aliniambia hiyo habari akiangalia ukuta. Akauliza, "Zimebaki siku ngapi?" Nikamwambia tatu.

Usiku wa Ijumaa nilipiga magoti na sikujua niombe nini. Dunia yote huko ilikuwa inaomba jua la wikendi. Mama Mghana aliniambia, "Omba mvua isimame, wewe ndio Mungu wako anakusikia." Nilijaribu. Neno lilikataa kutoka. Mtu wa Katelembo amwambie Mungu azuie mvua, na kule nyumbani mwaitu ameshapanda kwa vumbi anangoja? Nilisema tu, "Baba, inyeshe vile unataka. Wewe nishikie yule dada akili yake mpaka kesho saa sita. Na mimi unishikie miguu."

Iliponyesha asubuhi, ilinyesha na upepo. Ile ya Jumamosi ya kwanza ilikuwa manyunyu tu ukilinganisha. Mwavuli wangu ulipinduka kabla sijafika kona, nikauacha kwa pipa la takataka. Nilifika saa tatu na nusu nimelowa mpaka kifuani.

Susu hakuwa mlangoni. Nikaenda chumbani, nikamkuta amekaa kitandani na nguo ya kulala, koti limetundikwa.

"Sikuvaa," akasema. "Sikutaka kuvaa tena bure."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anasema ukweli. Nikamvalisha haraka, soksi mbili mbili, na mikono yangu inadondosha maji kwa zulia. Akanigusa nywele.

"Utapata homa. Mwavuli uko wapi?"

"Upepo umeuchukua."

Akafungua mkoba wake, akatoa kitu kimekunjwa kama leso. Ilikuwa kofia ya plastiki, ile nyepesi unaona mpaka ndani, na kamba za kufunga chini ya kidevu. Nilianza kucheka. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kwetu, kabla serikali haijapiga marufuku mifuko ya plastiki, hivyo ndivyo wanawake walikuwa wanafanya: mvua ikidondoka tone moja, kila mwanamke kwa stendi amevaa juala kichwani, hata yule ametoka saluni, hata mke wa pasta.

"Basi nyinyi mna akili," akasema, na akatoa ya pili. Akanifunga yeye mwenyewe, akachukua muda wake.

Hivyo ndivyo tulipanda basi, wanawake wawili na plastiki kichwani, yeye na fremu yake ya kutembelea, mimi na viatu vinalia kwa maji. Susu alikuwa ameshika pakiti ndogo ya peremende, alisema ni zile dada yake alikuwa anaiba akiwa mtoto. Kila mara basi ikisimama aliniuliza, "Tumefika?" nikamwambia bado.

Dada alikuwa kwa kiti karibu na dirisha, blanketi kwa magoti. Walifanana pua. Mfanyakazi akasema kwa sauti ya kuchangamka, "Ona nani amekuja!" Dada hakugeuka. Susu akasukuma fremu yake polepole mpaka mbele yake, akasimama pale, maji yanatiririka kutoka kwa ile kofia yanaanguka kwa blanketi. Mimi nilibaki mlangoni naomba bila maneno.

Dada akaangalia yale maji. Akaangalia koti la bluu. Akapandisha macho polepole mpaka kwa uso, akakaa hapo muda mrefu, na uso wake haukubadilika. Nikasema, Mungu wangu, nimechelewesha. Ni zile wiki mbili. Ni mimi.

Halafu dada akasema, kwa sauti kali kama ya mwalimu, "Umechelewa."

Susu akageuza kichwa kidogo akaniangalia mimi. Angeweza kusema. Ilikuwa haki yake.

"Ni mvua," akasema.

Dada akatazama dirishani, maji yakipiga kioo huwezi hata kuona barabara.

"Mvua gani?"

Susu alicheka. Alicheka mpaka fremu ikaanza kutikisika, nikakimbia nikamshika, nikamketisha, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na dada naye akaanza kucheka, sidhani alijua ni kwa nini. Akaona pakiti ya peremende. Akainyakua bila kuomba.

Walikaa mikono imeshikana mpaka chakula cha mchana. Jina la susu dada hakulitaja hata mara moja. Nilimuuliza susu kwa basi, tukirudi, kama anafikiri dada alimjua. Alikuwa amefunga macho. Akasema, "Aliiba peremende zangu. Hawezi kuibia mgeni."

Tulienda mara tatu zaidi. Mara ya tatu dada hakusema neno na peremende hakuzigusa, tukakaa tu. Lakini tulienda. Zote zilikuwa siku za mvua, isipokuwa moja, na hiyo moja susu alilalamika jua linamuumiza macho.

Mwaka jana kandarasi yangu iliisha, nikarudi nyumbani. Kofia ya plastiki nilirudi nayo. Susu hakutaka kuipokea siku nilipomuaga, alisema kwetu tutaihitaji kuliko yeye. Nilimwambia mvua yetu ni kidogo. Akasema, "Basi utaitunza vizuri."

Mwezi wa kumi na moja uliopita nilimwambia mwaitu kwa simu kwamba Jumamosi nitakuja kumwona. Yeye anakaa ng'ambo ya Kithimani, kwa shamba alikozaliwa kaka yangu. Jumamosi ikaamka na mvua, ile yenyewe, ya kelele. Mume wangu akaniangalia nikifunga kamba chini ya kidevu.

"Unaenda wapi?"

"Kwa mwaitu."

"Na hii mvua? Kwani hajaiona?"

"Ameiona. Lakini nilisema nitaenda."

Alitikisa kichwa akarudi kwa chai yake. Nilishuka stendi, nikavua viatu nikabeba mkononi, nikatembea ile njia ya shamba, matope yananifika kwa vifundo. Nikiwa bado kwa geti nikamwona mwaitu amesimama katikati ya mistari yake, jembe mkononi, gunia begani. Aliponiona aliacha jembe likaanguka. Akashika kichwa na mikono miwili.

"Ni nani?" akapiga kelele. "Sema upesi! Ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mwaitu! Wote wazima!"

"Ni mume wako?"

"Anakunywa chai!"

"Sasa umefuata nini kwa mvua?"

"Si nilisema nitakuja Jumamosi?"

Akanikaribia, akanishika kidevu, akaangalia ile plastiki mbele na nyuma, akaangalia miguu yangu yenye matope. Nilimwona anahesabu kama huko Ulaya walinirudisha na akili yote. Nafikiri aliridhika, kwa sababu aliinama akaokota jembe akanipa mimi.

"Basi kama umekuja, huu mstari wa kunde ni wako," akasema. "Na hiyo kitu ya kichwa, utanipatia mimi nikimaliza huu wangu."